Kwa Nini Waorode Walinyamaza

Akropong-Akuapem
4 Machi 2016

Kwa Bi. Araba Quansah,
Mwenyekiti, Chama cha Wasomaji wa Vita vya Orode, Cape Coast

Bi. Quansah,

Kuna jambo nimelificha miaka arobaini na moja, na mke wangu ameingia kaburini bila kulijua. Mimi ndiye Kapteni Radi. Ile hadithi ya vita kati ya sayari za Soroma na Orode, iliyotoka gazetini kila Jumamosi mpaka ikakatika ghafla mwaka 1975, niliiandika mimi, kwenye meza ya chakula, usiku nyumba ikiwa imelala, nikiwa mwalimu wa fizikia wa shule ya misheni na mzee wa kanisa. Siku zile mzee wa kanisa hakutazamiwa kuwajaza watoto wa watu vichwa kwa viumbe vya nyota za mbali. Nikajificha nyuma ya jina. Baadaye nikaona haya kujitokeza, na haya nayo huzeeka na mwenyewe.

Sasa nina miaka themanini na saba. Daktari ananiambia moyo wangu unafanya kazi kama karani anayesubiri kustaafu. Binti yangu Ohenewa aliniletea jarida la chama chenu kutoka Accra, akidhani litanichekesha tu. Sikujua kama bado mpo. Sikujua kama watu wazima, wenye wajukuu, bado wanagombana kwa nini Soroma ilikifyatulia chombo cha kwanza cha anga cha Orode kilichosimama langoni mwake siku mbili bila kutoa neno.

Nimesoma makala ndefu ya mhandisi wenu, Bwana Nii Tagoe, anayesema Waorode walikuwa na injini inayomeza sauti zote za redio, na Wasoroma wakapigana ili waipore. Chini yake nimesoma mistari yako miwili: "Mimi najua kwa nini vita vilianza. Nitasema siku sura ya mwisho itakapopatikana."

Ninakuomba, sema sasa. Kwenye simu sisikii vizuri. Barua itanitosha.

Emmanuel Anim-Larbi

*

Cape Coast
11 Machi 2016

Mzee Anim-Larbi,

Salamu na heshima zako. Usinikasirikie, lakini wewe ni Kapteni Radi wa nne. Wa kwanza alitokea Takoradi, tukamlisha fufu wiki nzima, kumbe hajui hata Orode ina miezi mingapi. Wa pili alikuwa mchungaji. Wa tatu alikuwa shemeji yake Nii Tagoe, na hilo sitalisema zaidi.

Kwa hiyo nina swali moja. Mwaka 1975 msichana wa miaka kumi alimwandikia Kapteni Radi kwa sanduku la posta la gazeti. Akajibiwa kwa mkono, mstari mmoja. Msichana huyo ni mimi, na mstari ule sijamwonyesha mtu, hata marehemu mume wangu, ambaye nilimwonyesha mambo mengi ambayo hakuyastahili. Niliuliza nini, na nikajibiwa nini?

Ukijibu sawa, nitakueleza yote. Ukishindwa, basi tafadhali pumzisha moyo wako wala usiuchoshe kwa ajili yetu.

Na kama kweli ni wewe, niruhusu nikuite Nana, kama babu yangu, basi pole. Sote tunajua habari ya wanajeshi waliotawala siku zile. Kila mwaka, siku ya mkutano wetu, tunasimama kimya kidogo kwa heshima ya sura ya mwisho: jinsi walivyoingia nyumbani kwa mwandishi na kuichukua, kwa kuwa ilitaja chanzo halisi cha vita na wao wakaona wanasemwa wao. Watu wanaisimulia kwa machozi. Je, ulibaki na nakala?

Araba Quansah

*

Akropong-Akuapem
17 Machi 2016

Bi. Quansah,

Unajua wanavyotusema sisi watu wa Akuapem, kwamba hatuwezi kumtukana mtu bila kumwomba radhi kwanza. Basi, niwie radhi, tafadhali, kwa heshima zote: wewe ni mkaidi kama mbuzi wa sokoni.

Uliuliza kama Waorode wana mama zao. Nilikujibu: "Wanao, ndiyo maana wana haraka ya kurudi nyumbani." Nakumbuka kwa sababu ya mwandiko wako, herufi kubwa kubwa zilizoegemea kushoto kama watu kwenye upepo. Barua nyingine zote ziliuliza habari za silaha.

Kuhusu wanajeshi, niache kwanza.

Sura ya mwisho itakuja. Lakini nataka nisikie sababu yako kabla ya kuituma. Mwalimu hatoi majibu kabla ya kukusanya karatasi za mtihani.

E. Anim-Larbi

*

Cape Coast
25 Machi 2016

Nana wangu,

Nimelia dukani mbele ya wateja. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, "Hajafa mtu, mama, kuna mtu amefufuka!" Akaweka chupa mezani akaenda zake duka la jirani.

Kuhusu wanajeshi, sitakuuliza tena. Nimeelewa. Kuna mambo mtu akiyapitia hayasemi.

Sasa sikia. Jumamosi nilisimama mbele ya wanachama nikasema Kapteni Radi yu hai na sura ya mwisho inakuja. Ukumbi ulilipuka. Nii Tagoe akangoja watu watulie, unajua hao Wagaa wa Accra wanavyopenda kungoja ili waonekane, kisha akasema:

"Mama Mwenyekiti, hongera. Hatimaye tutasoma habari za injini yangu."

"Injini yako ipo, Nii," nikamwambia, "ila umeielewa kinyumenyume."

"Mimi? Nimejenga mitambo ya umeme miaka thelathini!"

"Ndiyo maana. Ukiona chombo kimenyamaza, unadhani kina nguvu nyingi. Mimi nauza dawa. Nikiona mtu amenyamaza, nauliza amekula nini."

"Dawa zako zimekupanda kichwani!"

Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira, nikasema neno ambalo sasa siwezi kulirudisha. Nikasema: sura ya mwisho ikiletwa, isomwe hapa, bahasha ikifunguliwa mbele ya wote. Kama nimekosea, nampa Nii kiti changu, na maelezo yake ya injini yatachapwa mwanzoni mwa kitabu tunachokitoa mwaka huu, kama ndiyo imani ya chama. Kama niko sahihi, Nii atawahudumia wanachama wote kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amefunga kanga ya mke wake. Akakubali upesi kuliko nilivyotaka. Miaka ishirini na mbili nimekikalia kiti hicho, Nana. Nilikijenga chama hiki kwa jarida la kurasa nne. Sikijui chama hiki bila mimi, wala sijijui mimi bila chama hiki.

Hii hapa sababu yangu. Nimeisoma hadithi yako mpaka karatasi zimeota ndevu.

Nyuma ya kila chombo cha Orode unaandika kuna mkia mweupe. Nii anasema ni moshi wa injini. Lakini moshi wako wa Soroma siku zote ni mweusi. Mweupe ni mvuke. Kwenye mbavu za vyombo vya Orode kuna barafu. Nii anasema ni silaha ya baridi, lakini hakuna aliyewahi kuuawa na baridi katika hadithi nzima. Kila wanaposhindwa vita, Waorode hawakimbilii kwao. Wanakimbilia mwezi wa barafu ulio karibu, na baada ya siku chache wanarudi wakiwa na nguvu mpya. Na yule Mworode aliyetekwa, katika sura ya mlinzi mlevi, kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka kiganja mdomoni mara tatu. Mlinzi alidhani anaomba asiuawe.

Waorode wanasafiri kwa maji, Nana. Wanayachemsha na kuutupa mvuke nyuma, ndio unaowasukuma. Pumzi yao inatoka kwenye maji hayo, na taa, na redio pia. Tangi likikauka, chombo kinakuwa jiwe linaloelea, na waliomo ndani hawawezi hata kusema "hodi".

Chombo cha kwanza kilikuja kutoka mbali, tangi tupu, kikasimama langoni. Na mlinzi wa lango la Soroma alifanya nini? Unaandika mwenyewe: aliwauliza mara tatu, "Mmekuja na habari gani?" Mara tatu! Nilipokuwa mdogo nilimwuliza mgeni habari zake kabla ya kumpa maji, bibi yangu akanipiga kofi mpaka nikasahau jina la mgeni. Mtoto yeyote kwetu anajua: mgeni anakaa, anapewa maji, anakunywa, ndipo anaulizwa kilichomleta. Wao wakauliza bila kutoa maji. Mgeni hakujibu, kwa kuwa hakuwa na cha kujibia. Siku ya tatu wakamfyatulia.

Vita vyote vile, Nana, miji yote ile, ni kwa sababu hakuna aliyempa mgeni maji. Tumeipita sababu hiyo miaka arobaini kwa kuwa ni jambo la kila siku, na la kila siku halionekani.

Usiniambie kama nimepatia. Mkutano ni Jumamosi, tarehe 14 Mei. Tuma bahasha iliyofungwa.

Araba

*

Akropong-Akuapem
9 Aprili 2016

Dada Araba,

Mimi ni Ohenewa, binti yake. Usishtuke. Baba amelazwa tangu wiki iliyopita, miguu imevimba na pumzi ni fupi, lakini kichwa chake kizima.

Nataka kukuuliza, uliandika nini kwenye ile barua? Aliisoma, kisha akacheka kwa sauti mpaka nesi akaja mbio akidhani amebanwa na kitu. Nesi akamwambia, "Baba, utakufa." Akajibu, "Tafadhali binti, kwa heshima zote, nitakufa Jumatatu. Leo nina kazi."

Tangu hapo anadai karatasi. Nimemletea mashine yake ya kuchapa ya zamani, wagonjwa wenzake wanalalamika kelele. Anachapa mistari miwili, analala, anaamka anachapa tena. Na katika usingizi anasema, "Maji, maji." Tukimletea hanywi. Anatuangalia tu, anacheka.

Daktari anasema hajui ni nini, ila kisizuiwe.

Ohenewa

*

Akropong-Akuapem
2 Mei 2016

Mwanangu Araba,

Nimerudi nyumbani. Miguu imepungua. Ndani ya bahasha kubwa kuna nyingine iliyofungwa kwa nta. Ifungueni siku yenu, si kabla. Iwapo nitakuwa hai siku hiyo au la, mkutano usisimame kwa ajili yangu, wala watu wasisimame kimya. Mmesimama kimya vya kutosha.

Asome mtu mwenye sauti. Si wewe, utalia. Wala si Bwana Tagoe, atasimama kila penye injini.

Radi

*

Cape Coast
15 Mei 2016

Nana! Nana! Nana!

Sina sauti leo, imebaki ya kuandikia tu. Naandika mbiombio, kwa hiyo utaona herufi zangu zimerudia umri wa miaka kumi.

Ukumbi ulijaa mpaka nje, watu wamekaa madirishani. Walitoka Kumasi, walitoka Tamale, mmoja alitoka Lomé hajui lugha yetu hata moja ila anajua majina ya vyombo vyote. Nii alifika na kanga ya mke wake ameikunja kwenye mfuko wa nailoni, kwa dharau, ili watu waione na wajue haitafunguliwa. Nta ikavunjwa mbele ya wote. Akasoma mwalimu Baaba Ewusi, mwenye sauti kama kengele ya kanisa.

Nilikaa mbele. Aliposoma kwamba nahodha wa Soroma, amechoka na vita, anakikuta chombo cha Orode kimekwama gizani bila taa, nikafumba macho. Aliposoma kwamba wafyatuaji wanangoja amri yake, nikasikia Nii nyuma yangu ananong'ona, "Injini sasa, injini." Kisha Ewusi akasoma: "Nahodha akasema, Msiwaulize kitu. Wapeni maji kwanza."

Nana, sikusikia sentensi iliyofuata. Watu walipiga kelele kama bao limeingia dakika ya mwisho. Mzee Kobina, ambaye hajaongea na mimi tangu uchaguzi wa mwaka jana, alinibeba. Ana miaka sabini na mbili! Ilibidi Ewusi agonge meza ili amalizie. Wakatulia. Akasoma jinsi bomba lilivyounganishwa, jinsi barafu ilivyoanza kung'aa upya kwenye mbavu za chombo, taa moja, nyingine, kisha redio ikakohoa. Na baada ya vita vya miaka yote ile, sauti ya kwanza ya Orode kusikika katika hadithi nzima ikasema: "Asanteni. Tulikuwa tunapita tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha yule wa Lomé akaanza kulia, na hakuwa ameelewa neno, alikuwa ametuelewa sisi.

Nii akasimama. Nikajua sasa atabisha. Akatoa kanga kwenye mfuko, akaifunga kiunoni juu ya suti, akaenda kwenye friji, akarudi na beseni la maji ya pakiti. Akaanzia kwangu. Akapiga goti moja, na goti lenyewe ni bovu, akasema, "Mama Mwenyekiti, kunywa kwanza. Ndipo uniulize nilikuwa nafikiria nini miaka thelathini."

Nikanywa. Nikamwambia, "Injini ilikuwa yako, Nii. Ulikosa tangi tu." Akacheka, akaendelea na beseni, mtu kwa mtu, mpaka walio madirishani. Kanga ilimvuka mara mbili. Tumeimba mpaka mlinzi wa ukumbi alipotuomba twende.

Kitabu kitachapwa na sura yako ya mwisho, kikiwa kamili kwa mara ya kwanza. Kitu kimoja kidogo, cha kuchekesha: Nii, baada ya yote, aliishika karatasi akaigeuzageuza, akasema, "Ni nyeupe mno kwa karatasi ya miaka arobaini." Nikamwambia aliyeshindwa hana haki ya kukagua karatasi. Bila shaka uliichapa upya, ya kwanza ikiwa imechakaa.

Niambie tu, nakala uliificha wapi wanajeshi wasiione? Watu wananiuliza, na nataka iwe sehemu ya simulizi.

Mwanao,
Araba

*

Akropong-Akuapem
23 Mei 2016

Mwanangu Araba,

Ohenewa amenisomea barua yako mara mbili, na sasa anamsomea nesi anayenitembelea. Nimeomba kalamu, si mashine, kwa sababu haya nataka yawe kwa mwandiko wangu, hata kama utahitaji miwani ya Bwana Tagoe kuyasoma. Mwambie ana macho mazuri. Mpe cheo chochote katika chama chenu, anakistahili.

Mkia mweupe niliuweka kwa sababu mchoraji wa gazeti alikuwa na wino mweusi kidogo tu na aliniomba nimpunguzie kazi. Barafu niliiweka wiki tuliyonunua friji ya kwanza nyumbani, nikawa siwezi kuacha kuifungua. Mwezi wa barafu ulikuja kwa sababu sikutaka kuwarudisha Waorode kwao, sikuwa nimepabuni kwao. Kiganja cha mateka nilikiona kwa mtoto wetu mchanga.

Na lango. Tarishi wa gazeti alikuwa amekaa kwenye baraza la shule akingoja ukurasa. Nilikuwa naandika mbiombio, nikaruka moja kwa moja kwenye swali. Jumamosi ile mama yangu alisomewa gazeti, akasema, "Hao ni watu gani, hawampi mgeni maji?" Mimi, mwana wa Akuapem, niliyelelewa na mwanamke huyo, nilikuwa nimeyasahau. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, ni hadithi ya nyota." Alikuwa ameshika ufunguo wa hadithi nzima mkononi, nikamwambia auweke chini.

Wewe ndiye uliyeuokota. Ulichukua uvivu wa mchoraji, friji yetu na haraka yangu, ukavisoma kwa upendo mpaka vikawa sababu moja. Kwa hiyo kwenye jalada la kitabu liwepo jina lako pamoja na langu, langu halisi, nimechoka na Radi. Usibishane na mgonjwa. Na ukikikalia kiti chako, kikalie kwa raha, hukubahatisha jibu la mtu.

Uliuliza nilificha wapi nakala. Uvumi wa wanajeshi ulianza kwenye baa nyuma ya ofisi ya gazeti, nami nikauacha ukue, kwa kuwa ulinipa sifa kuliko ukweli. Hakuna mwanajeshi aliyewahi kubisha mlangoni kwangu. Sura ile haikuchukuliwa na mtu yeyote. Niliacha kuandika mwaka 1975 kwa sababu nilikuwa sijui vita vilianza kwa nini, na sikujua mpaka nilipopata barua yako.

Emmanuel Anim-Larbi